Vumbi la Julai, Maji ya Januari

Asubuhi ya Januari hapa Kolwezi utawaona madereva wamesimama kando ya magari yao, mlango wazi, kitambaa mkononi, wanafuta vioo kwa ndani. Kila mmoja analaumu mvua ya usiku. Kazi yangu mimi iko ndani ya magari: kufungua viti, kuinua mazulia, kutafuta maji yalikojificha. Kwa jinsi nilivyoyaona magari ya mji huu, nasema bila kusita kwamba mvua inasingiziwa. Mvua hunyesha juu ya paa, na gari zima limeundwa kuiteremsha mvua hiyo hadi chini bila kumgusa abiria. Kinachoiingiza ndani ni vumbi. Lile vumbi jekundu tunalolipangusa kwenye dashibodi mwezi wa saba ndilo linalolowesha zulia mwezi wa kwanza.

Mji wetu umekaa juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Mvua hushika Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Machi, mara nyingine hadi Aprili, na kwa mwaka hupita milimita 1,000. Baada ya hapo mbingu inafunga. Kuanzia Mei hadi Septemba ni kiangazi kitupu. Malori ya migodi yanapishana mchana na usiku, barabara za udongo za Manika, Kanina na Musonoi zinafuka, na vumbi linaingia popote penye upenyo wa kuingiza ukucha. Lile la juu ya viti tunaliondoa. Lile lililoingia chini ya wipa, ndani ya milango na kwenye bomba la kiyoyozi hatulioni, kwa hiyo hatuligusi. Mvua ya kwanza inaligeuza tope, jua la siku mbili linalikausha, na mvua ya pili inakuta njia imezibwa.

Kabla sijaonyesha njia hizo ziko wapi, niuseme kwanza ukungu wenyewe, maana wengi wanadhani unapenya kwenye kioo kutoka nje.

Hewa hubeba maji yasiyoonekana, na kadiri inavyokuwa na joto ndivyo inavyobeba mengi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 25 inaweza kubeba gramu 23 hivi za maji. Hewa hiyohiyo ikishuka hadi nyuzi 10 haiwezi kushika zaidi ya gramu 9 na kidogo. Ziada inajikusanya juu ya kitu baridi kilicho karibu, ndiyo maana chupa ya bia ya Simba iliyotoka kwenye friji hutoka jasho ukiiweka mezani. Ndani ya gari, kitu baridi ni kioo. Usiku usio na mawingu kioo cha mbele kimelala kikiitazama mbingu na kuipa joto lake lote, hata kinakuwa baridi kuliko hewa inayokizunguka. Hicho na cha nyuma hutangulia kuota ukungu. Vya milangoni, vinavyotazama ukuta wa lupango, yaani uwanja wa nyumba, au gari jirani, hufuata baadaye.

Maji hayo hutoka kwa nani? Kwanza, kwetu sisi. Mtu mzima aliyetulia hupoteza karibu mililita 800 za maji kwa siku kupitia pumzi na ngozi, bila hata kutoa jasho la kazi. Pakia watu watano kutoka Fungurume, vioo vyote vimefungwa, safari ya saa mbili, na theluthi ya lita ya maji imekwisha kuingia katika hewa ya gari hilo. Ukungu wa kufunika vioo vyote hauhitaji hata robo ya maji hayo.

Huo ndio ukungu wa kiangazi, wa Juni na Julai, usiku unaposhuka hadi nyuzi 10 na wakati mwingine chini yake. Mchana hewa ni kavu hadi midomo inapasuka, lakini jioni abiria wameshuka mbiombio, milango ikafungwa kukimbia baridi, pumzi zao zikabaki ndani. Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Ukifika nyumbani, fungua milango yote minne kwa dakika mbili tatu kabla ya kulilaza gari. Hewa kavu ya nje itaingia, ile nzito itatoka. Asubuhi utakuta kioo safi, au kina ukungu mwepesi wa pembeni tu.

Ukungu wa majira ya mvua ni habari nyingine kabisa. Hewa ya nje yenyewe imejaa maji, kwa hiyo kufungua milango hakusaidii sana, na gari linakuwa na akiba yake ya maji ambayo mwenyewe haijui. Chini ya zulia la gari kuna pedi nene ya nyuzi zilizokandamizwa, iliyowekwa kupunguza kelele na joto. Pedi hiyo hunywa lita kadhaa za maji bila zulia la juu kuonyesha dalili yoyote. Mchana jua linalipasha gari joto, pedi inatoa mvuke. Usiku mvuke unageuka maji juu ya kioo. Asubuhi dereva anafuta yale yaliyo mbele ya macho yake, yaliyobaki yanateremka hadi chini, yanarudi kwenye pedi. Dereva huyo anaweza kufuta kioo hadi Pasaka.

Mama mmoja anayeuza unga wa mahindi alinijia na Toyota Noah yake katikati ya mvua. Alikuwa amebeba mtoto mgongoni na mwingine amemshika mkono.

“Papa fundi, huyu mkubwa akipanda tu anaanza kukohoa. Nimeweka manukato, nimelifua kwa sabuni, harufu inarudi.”

“Mama, lilifuliwa lini?”

“Jumamosi. Vijana walipiga maji ndani mote, hadi likang’aa.”

“Na chini ya zulia walikausha?”

“Chini ya zulia kuna nini?”

Niling’oa ile plastiki ya kizingiti cha mlango wa kushoto, nikalivuta zulia kwenye pembe. Juu lilikuwa kavu, hata lilikuwa na vumbi. Nikaiminya pedi kwa dole gumba, maji ya rangi ya chai yakapanda pande zote mbili za kidole. Karibu na ukuta wa injini pedi ilikuwa na madoa meusi ya kuvu, na bati la chini lilikuwa limeanza kufanya kutu kwenye maungio. Yule mama hakusema neno. Alimsogeza mtoto nyuma.

Vijana wa Jumamosi walichangia, lakini hawakuwa chanzo. Nililala chini ya gari, nikalitafuta bomba la mpira linalotoa maji ya kiyoyozi, au klimu kama tunavyoiita hapa. Kiyoyozi kikifanya kazi hupoza hewa hadi maji yake yanajikusanya juu ya kipoza, na maji hayo yanapaswa kudondoka barabarani kupitia bomba hilo. Katika Toyota zetu nyingi zilizotoka Japani, zenye usukani kulia, kipoza kiko nyuma ya kabati la dashibodi upande wa kushoto, yaani mbele ya magoti ya abiria. Mdomo wa lile bomba ulikuwa umezibwa na udongo mwekundu uliokauka na kuwa mgumu. Niliuchokonoa taratibu kwa waya uliokunjwa ncha ili usitoboe mpira. Kwanza ilitoka punje moja ya udongo, halafu nyingine, kisha maji machafu yakashuka kwa mkupuo na kuchora mto mdogo kwenye sakafu ya garaji. Maji hayo yote yalikuwa yakipita juu, yakifurika, yakishukia miguuni pa abiria.

Bomba hili ndilo njia ya kwanza, na kila mwenye gari anaweza kuijua hali yake bila fundi. Siku ya joto na unyevu, washa kiyoyozi kwa robo saa gari likiwa limesimama mahali pakavu, kisha chungulia chini. Ukiona maji yanadondoka, bomba liko wazi. Ukiona pakavu, na kiyoyozi kinatoa baridi vizuri, basi maji yanakwenda kwingine, na kwingine huko ni kwenye zulia lako.

Njia ya pili iko chini ya wipa. Pale kwenye mguu wa kioo cha mbele, chini ya ile plastiki nyeusi yenye matundu, kuna mfereji unaopokea maji ya kioo na kuyapeleka pembeni hadi nyuma ya magurudumu. Hapo hapo ndipo gari linapovutia hewa ya kupeleka ndani. Sasa fikiria gari linalolala chini ya mwembe, na Kolwezi ina miembe karibu katika kila lupango. Majani yanaanguka, vumbi linayashika, umande unayaozesha, na kufikia Oktoba mfereji mzima una mboji ya kupandia nyanya. Mvua kubwa ikija, maji yanapanda kwenye mfereji hadi yanafikia mdomo wa feni, na feni inayapitisha ndani. Dereva anaona zulia limelowa upande wa abiria, anasema parabrizi, yaani kioo cha mbele, inavuja, anakwenda kununua silikoni. Nimefungua mifereji hiyo nikakuta minyoo hai.

Parabrizi nayo huvuja, sikatai. Barabara ya kwenda Likasi na Lubumbashi ina malori mengi na kokoto nyingi, na kioo cha mbele kwetu ni kitu cha kubadilishwa zaidi ya mara moja katika maisha ya gari. Kikibandikwa juu ya fremu yenye vumbi, gundi inashika vumbi badala ya bati. Dalili yake ni maji yanayoonekana kwenye nguzo za pembeni au nyuma ya dashibodi, hata kama kiyoyozi hakijawashwa wiki nzima. Anayebadilisha kioo amwombe fundi asafishe fremu mbele ya macho yake, na gari lisitembezwe kwenye mashimo siku hiyohiyo gundi ikiwa mbichi.

Njia ya tatu ndiyo inayonisikitisha zaidi, kwa sababu tunaiziba kwa mikono yetu. Maji ya mvua huingia ndani ya mlango kila siku, yakishuka na kioo, na hilo si kosa. Mlango umetengenezwa uyapokee na kuyatoa kwa matundu madogo yaliyo kwenye ukingo wa chini. Kiangazi watu huyaona matundu hayo, wanasema hapa ndipo vumbi linapoingilia, wanayapaka silikoni. Wengine hawapaki kitu, vumbi lenyewe linayaziba. Mlango ukijaa utausikia: ukiufunga, maji yanacheza ndani. Pitisha kijiti cha mbao katika kila tundu, na usimruhusu mtu yeyote ayazibe.

Na ndani ya mlango huohuo, nyuma ya ule ubao wenye kitambaa, kuna karatasi ya nailoni iliyobandikwa kuzuia maji yasihamie upande wa abiria. Fundi wa redio akija kufunga spika kubwa, au wa vioo akija kutengeneza mota, huichana nailoni hiyo na kuitupa. Haionekani kuwa na kazi. Mvua inayofuata inateremka kwenye bati, inafika kwenye ubao, inaingia chini ya zulia. Hakuna haja ya kutafuta ile ya kiwandani. Nailoni nene ya kawaida ya ujenzi, ikikatwa vizuri na kubandikwa kwa gundi isiyokauka, inafanya kazi ileile. Sharti ni moja, ukingo wake wa chini uingie ndani ya mlango ili maji yarudi kwenye matundu.

Nyuma ya gari sitakaa sana. Inua zulia la buti, toa tairi la akiba, tia mkono kwenye shimo lake. Kama kuna maji, chunguza raba za taa za nyuma na zile skrubu za portibagaji, fremu ya mizigo iliyo juu ya paa. Kwa Land Cruiser na Hilux zinazovuka mito, hesabu vizibo vya mpira vya sakafuni, maana mara nyingi kimoja kimebaki mtoni.

Kuna kitufe kimoja kwenye dashibodi chenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani yake. Kila dereva wa mkoa wetu wa Lualaba anakijua. Ukiwa nyuma ya lori kwenye barabara ya vumbi unakibonyeza, hewa ya nje inakatwa, mnapumua ileile iliyomo ndani. Ni haki kabisa kukitumia wakati huo. Tatizo ni kwamba wengi wakishakibonyeza mwezi wa Juni hawakiachii tena. Mvua zinakuja, abiria wanapanda na nguo mbichi na miavuli, pumzi zinazunguka ndani, vioo vinafunga, na dereva anafuta kwa kiganja huku anaendesha. Kiganja kinaacha mafuta, na kioo chenye mafuta kinashika ukungu haraka zaidi. Ukipita lori, kiachie kitufe. Kioo kikiota ukungu ukiwa barabarani, fungulia hewa ya nje, elekeza upepo kwenye kioo cha mbele, washa kiyoyozi na joto kwa pamoja. Watu hunishangaa nikisema hivyo. Kiyoyozi kinaikamua hewa maji, joto linaipa nguvu ya kubeba mengine kutoka kwenye kioo, na ndani ya dakika chache unaona njia.

Kama upepo wenyewe ni dhaifu, fungua kabati la dashibodi na utoe kichungi cha hewa kilicho nyuma yake. Katika magari yetu kichungi cha kiangazi kimoja kinatoka kizito, chekundu, hakipitishi pumzi ya mtoto. Baadhi ya Toyota za zamani zina nafasi ya kichungi lakini ndani hamna kitu, na vumbi limekwenda moja kwa moja kwenye kipoza. Kichungi kipya ni cha bei ndogo kuliko karibu kila kitu kingine kwenye gari.

Tukirudi kwa zulia lililokwisha kulowa: haliwezi kukauka likiwa limelala mahali pake. Litolewe, pamoja na pedi. Si lazima viti vyote vitoke. Kwa upande mmoja, kufungua kiti cha mbele na plastiki za vizingiti kunatosha kuliinua na kuingiza vipande vya mbao chini ili hewa ipite. Sukuma magazeti makavu chini yake, yabadilishe yakishalowa, na utashangaa magazeti yanavyonyonya. Siku ya jua, milango wazi. Pedi yenye kuvu nyeusi itupwe, usiifue. Kuvu huanza kushika kitu kilicholowa ndani ya siku moja au mbili, na yule mtoto aliyekuwa akikohoa alikuwa akipumua mbegu zake kila asubuhi akienda shule. Kopo la manukato juu ya dashibodi haliui kuvu.

Hapa naomba msomaji anisikilize vizuri. Usilikung’ute zulia hilo katikati ya lupango watoto wakicheza. Vumbi la Kolwezi si vumbi la kawaida. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha utafiti wao kuhusu Kasulo, mtaa wa mji huu ambao watu walikuwa wakichimba chini ya nyumba zao. Walikuta vumbi la huko limejaa kobalti, na wakazi wana kobalti nyingi mwilini kuliko watu wa mtaa wa jirani usiochimbwa. Watoto ndio walioongoza. Vumbi la namna hiyo linaweza kuwa chini ya kiti chako, hasa kama gari limewahi kubeba magunia ya mawe au wachimbaji na nguo zao. Kwa hiyo tumia mashine ya kufyonza kama ipo garajini, au kitambaa kibichi kilichokamuliwa, ukikisuuza mara kwa mara. Ufagio mkavu hulirusha hewani, na hewa hiyo unaipumua wewe na wanao.

Na motopompu iache nje. Kupiga maji ndani ya gari katika majira ya mvua ni kujaza pedi kwa hiari yako.

Watu huniuliza kuhusu vitu vya kunyonya unyevu. Chumvi inanyonya kweli, hewa inapopita asilimia 75 ya unyevu, na usiku wa Januari hupita hapo. Lakini chumvi ikishanyonya inakuwa maji ya chumvi, bakuli linapinduka kwenye shimo la kwanza la barabara, na bati la gari linaliwa. Makaa hupunguza harufu kidogo. Maji hayachukui kiasi cha kuhesabu. Vile vijipakiti vidogo vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na simu ni vizuri, ila vikishiba vinahitaji joto kali kuliko la jua ili vikauke, na vinahitajika vingi sana. Ipo pia chokaa. Mji huu una chokaa nyingi kwa sababu mitambo ya kobalti inaitumia, na nimeona mtu ameweka mfuko wake chini ya kiti akisema inavuta maji. Chokaa isiyozimwa inavuta maji kweli, na inapoyavuta inachemka, na vumbi lake linaunguza macho na koo. Itoe leo.

Vitu hivi vyote havina maana kama pedi ina lita tatu za maji chini yake. Ni vya gari ambalo limeshakauka.

Mahali pa kulaza gari pana uzito kuliko dawa hizo. Paa lolote, hata la mabati matatu juu ya nguzo, hukinga kioo kisiitazame mbingu, na umande unapungua sana. Mwembe nao unakinga, ila umeshasoma habari ya majani. Turubai la nailoni juu ya gari lililolowa ni jambo baya. Linafungia mvuke ndani. Kadibodi au kizuia jua kikibandikwa kwa nje ya kioo cha mbele kinasaidia usiku wa kiangazi. Na yale magari ya Japani yenye vile vikofia vya plastiki juu ya vioo vya milango yana zawadi ambayo wenyewe hawaitumii: unaweza kuacha kioo wazi upana wa kidole, mvua isiingie na hewa ikatoka usiku kucha. Fanya hivyo ndani ya lupango yenye ukuta na mlinzi. Barabarani, funga.

Chunga pia bidoni, yale madumu ya maji. Wengi wetu tunabeba maji kwa gari, na kizibo kisichobana kinamwaga kidogo kila kona. Samaki kutoka ziwa la Nzilo, nguo mbichi za kazini, mwavuli uliosahauliwa chini ya kiti, vyote ni maji yanayolala na gari. Vishushe jioni.

Kwa madereva wa malori wanaolala kwenye foleni ya mpaka wa Kasumbalesa nina neno la pekee. Kabini iliyofungwa na watu wawili waliolala itatiririka maji hadi asubuhi, na baridi ya Juni inashawishi kuingiza mbabula, yaani jiko la makaa, miguuni. Usiingize, hata kwa dakika kumi, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na aliyelala haamki. Injini inayonguruma usiku kucha mahali palipobanana na malori mengine ina hatari hiyohiyo. Vaa koti, jifunike blanketi mbili, acha vioo vya pande zote mbili vimeshuka kidogo upepo upite katikati. Maji kwenye kioo utayafuta asubuhi.

Kuna ukungu mmoja ambao hautokani na lolote kati ya haya. Ukiufuta unabaki utando wa mafuta, una harufu tamu, na maji ya rejeta yanapungua bila kuonekana yanakoenda. Hapo kipasha joto kilicho nyuma ya dashibodi kimetoboka, na maji ya rejeta ndiyo yanayogeuka mvuke ndani. Nenda kwa fundi siku hiyo, kwa sababu injini ndiyo itakayofuata.

Yote niliyoeleza juu ya matundu na mifereji huchukua asubuhi moja, na wakati wake ni Septemba, vumbi likiwa limeshaingia pote na mvua hazijaja. Safisha mfereji wa chini ya wipa kwa mkono, mimina maji chupa moja kila upande uone yanatokea nyuma ya magurudumu. Pitisha kijiti kwenye matundu ya milango. Chokonoa mdomo wa bomba la kiyoyozi. Badilisha kichungi. Futa vioo kwa ndani kwa kitambaa safi na sabuni kidogo, visibaki na mafuta.

Na anayenunua gari lililotumika, liwe limeshushwa Dar es Salaam mwezi uliopita au limekaa Lubumbashi miaka mingi, asiridhike na rangi na injini. Apige magoti, ainue pembe ya zulia upande wa abiria, aiminye pedi, anuse vidole vyake. Halafu aangalie skrubu zinazoshika viti sakafuni. Zenye kutu kwenye gari lenye zulia jipya zina hadithi ambayo muuzaji hajaisema, na bei ishuke kulingana na hadithi hiyo.